Mayai ya nani haya? Mamba, kenge, nyoka na vyura karibu na mashamba yetu



Kiangazi kikifika katika bonde la Ruzizi na kandokando ya ziwa Tanganyika, watu wanaanza kuchimba vichuguu juu ya kutengeneza matofali. Kazi inaenda vizuri, kisha jembe linafungua shimo, na ndani kuko mayai meupe, malaini sawa ngozi, 30 ao 40 pamoja. Mmoja anapiga kelele: «Nyoka!» Wanaleta petroli, wanachoma. Wengine wanakimbia na kuacha kazi ya siku mbili. Nyuma ya hapo swali linabaki: mayai yalikuwa ya nani, na ilifaa kufanya nini?

Hili si swali la watoto wa masomo tu. Mnyama mwenye mayai ao watoto hana tabia ile ya siku zote. Mamba jike ambaye mwaka mzima anakimbia mtumbwi wako, akiwa na mayai kwenye mchanga hatakimbia. Chura naye anahitaji maji ya shamba lako wiki chache tu, lakini ukiyamwaga katika wiki hizo, kizazi kizima kinakufa, na wewe unapoteza mfanyakazi asiyeomba franga. Mwenye kujua mayai yanawekwa wapi na wakati gani, anajua pia mahali pa kupita mbali na siku ya kuacha pompi ya dawa nyumbani.

Kwanza tutofautishe. Mamba, kenge, mijusi, vinyonga, nyoka na kobe wana ngozi kavu yenye magamba. Mayai yao yana ganda, gumu ao laini, na wanayaweka mahali pakavu: ndani ya udongo, mchanga, majani yaliyooza, tundu la mti. Hata mamba anayeishi majini lazima apande nchi kavu kutaga, juu mtoto ndani ya yai anavuta hewa kupitia ganda. Yai likizama majini muda mrefu, mtoto anakufa. Vyura ni kinyume. Yai la chura halina ganda, ni kama punje nyeusi ndani ya ute. Jua likilipiga linakauka kwa saa chache. Njo maana linatafuta maji ao unyevunyevu, na njo maana pia kila kitu unachomwaga majini kinaingia moja kwa moja ndani yake.

Sasa turudi kwenye kichuguu. Mara nyingi mwenye mayai yale ni kenge. Kenge jike anangoja mvua ilainishe udongo, anapasua ubavu wa kichuguu chenye mchwa hai, anataga mayai 20 hadi 60, kisha anaenda zake. Hafuniki. Mchwa wenyewe ndio wanafunga tundu, kwa sababu hawapendi nyumba yao ikae wazi. Kwa hiyo mayai yanabaki ndani ya chumba kilichofungwa, chenye unyevunyevu, na joto linalokaribia digrii 30 mchana na usiku, maana mchwa wanalilinda joto hilo kwa faida yao wenyewe. Mimi sijui mashine ya kuangulia vifaranga inayofanya kazi hiyo vizuri hivyo bila umeme. Mayai yanakaa humo miezi mingi, mara nyingi zaidi ya 6. Watoto wakitoka kwenye maganda, kichuguu bado ni kigumu sawa saruji. Wanangoja ndani paka mvua inyeshe tena, udongo ulainike, ndipo wanachimba na kutoka. Mama yao wakati huo yuko mbali, hana habari.

Je, tumuhurumie kenge? Wamama wenye kuku watasema hapana, na wana haki, maana kenge anaiba mayai ya kuku na vifaranga pia. Banda la kuku lifungwe vizuri usiku na mchana, mayai yaokotwe kila siku. Lakini kenge huyo huyo ni adui mkubwa wa mayai ya mamba. Anavizia, mama mamba akitoka kidogo tu kwenda kupoza mwili majini, kenge anafukua mchanga na kula. Kijiji cha kando ya maji kinachoua kenge wote kinamsaidia mamba bila kujua. Mimi naona afadhali kufunga banda.

Hata hivyo tahadhari iko. Swila pia anapenda vichuguu, hasa vile vilivyoachwa na mchwa, na mayai yake nayo ni meupe na malaini. Kwa macho tu si rahisi kuyatofautisha na ya kenge. Basi ukikuta mayai, usiingize mkono. Rudisha udongo juu yake kwa jembe, ukichimbe kichuguu upande mwingine ao uende kwenye kingine. Petroli haina kazi hapo.

Tuje kwa mamba, na hapa tukae kidogo, kwa sababu hapa watu wanakufa.

Pande zote mbili za Ruzizi watu wanajua habari za mamba mkubwa waliyemuita Gustave upande wa Burundi. Huyo alikuwa dume, na dume hana kazi yoyote kwenye mayai. Anayelinda ni jike. Anachagua kilima kidogo cha mchanga ao udongo mlaini, juu kuliko mahali maji yanapofika, karibu na maji na karibu na kivuli. Anafukua shimo kwa miguu ya nyuma, kama nusu mita kwenda chini, usiku, na kutaga mayai 25 hadi 80. Mayai ya mamba si laini: yana ganda gumu sawa ya kuku, lakini ni marefu zaidi, karibu sentimita 7 ao 8. Anayafunika, na mchanga unabaki sawasawa. Mtu anaweza kutandika nguo zake zikauke juu ya shimo hilo bila kujua. Kwa kawaida kazi hiyo inafanyika wakati maji yamepungua na mchanga uko wazi, na mayai yanakaa karibu miezi 3, kusudi watoto watoke wakati mvua inarudi na chakula kidogokidogo kimejaa kandokando ya maji. Mwezi wenyewe unabadilika kufuatana na mahali. Waulize wavuvi wazee wa kivuko chenu. Wao wameona maganda yaliyovunjika mwaka nyuma ya mwaka.

Miezi hiyo 3 yote mama anakaa karibu. Hali chakula, ao anakula kidogo sana. Analala juu ya shimo ao kwenye kivuli hatua chache kutoka hapo, na mtu akikaribia anapanua mdomo, anavuma, kisha anaruka. Watu wengi wanaamini kwamba nchi kavu mamba hana nguvu. Katika hatua chache za kwanza ana nguvu kabisa.

Joto la mchanga ndilo linaamua watoto watakuwa dume ao jike. Ndani ya shimo likiwa karibu digrii 32 hadi 34, madume wanakuwa wengi; likiwa chini ya hapo ao likizidi, wanatoka majike. Mayai ya mama mmoja, yale ya juu na yale ya chini, yanaweza kutoa jinsia mbalimbali kwa sababu mchanga wa juu unapata jua zaidi. Tena kuko jambo lingine: mtoto ndani ya yai anajishika kwenye ganda tangu siku za kwanza. Ukiligeuza yai juu chini, anakufa. Kuku anageuza mayai yake kila siku. Mayai ya mamba, kobe na kenge hayageuzwi hata kidogo.

Siku ya kutoka ikifika, watoto wanalia wakiwa bado ndani ya mayai. Sauti inapita kwenye mchanga na mama anaisikia. Anafukua. Yai ambalo mtoto ameshindwa kulivunja, mama analichukua mdomoni na kuliminya polepole kati ya ulimi na meno mpaka lipasuke. Kisha anawabeba watoto mdomoni, kila mmoja na urefu wa sentimita 30 hivi, na kuwapeleka majini. Zamani watu waliomuona mamba na watoto mdomoni walisema anawala. Katika miaka ya 1970 Tony Pooley, aliyefuga na kuchunguza mamba katika hifadhi ya Ndumu, Afrika ya Kusini, alionyesha waziwazi kwamba ni kubeba, si kula. Nyuma ya hapo mama anabaki na watoto wiki nyingi kwenye maji ya kina kidogo, kati ya matete. Wakilia, anakuja mbio. Pamoja na ulinzi huo wote, ni wachache sana wanaofika kuwa wakubwa: kenge, ndege, samaki na mamba wengine wanawamaliza.

Sasa angalia mahali penyewe: maji ya kina kidogo kati ya matete. Ndipo wamama wanachota maji na kufua, ndipo watoto wanaoga, ndipo mvuvi anasukuma mtumbwi. Kwa hiyo kuko vipindi viwili vya hatari, wakati mayai yako mchangani, na wiki za kwanza watoto wakiwa majini. Mkiona mchanga uliochimbwachimbwa, alama ya tumbo iliyoburutwa kutoka majini, ao kenge wanazungukazunguka mahali pamoja, hameni kivuko kwa msimu huo. Mkisikia sauti za vitoto zinalia kwenye matete, sawa vifaranga vya bata, msisogee kuangalia. Mahali pa kuchota maji pazungushiwe uzio wa miti imara iliyopigwa ndani ya maji, na ukaguliwe kila maji yakipanda, maana uzio wenye tundu ni mbaya kuliko kukosa uzio: watu wanautumaini. Kufukua mayai ya mamba ili kuyala ao kuyavunja ni kazi imekula mikono ya watu. Habari ipelekwe kwa chefu na kwa watu wa ICCN.

Kwa nyoka tutapita haraka zaidi. Wengi wanaotaga wanaacha mayai na kwenda. Chatu hafanyi hivyo. Anataga ndani ya tundu la mnyama ao kichuguu cha zamani, mara nyingi mayai 20 hadi 50, na kuyazungukia mwili wake wote paka watoto watoke. Profesa Graham Alexander wa chuo kikuu cha Witwatersrand aliwachunguza chatu wa Afrika ya Kusini miaka mingi, na mwaka 2018 akatangaza jambo ambalo lilishangaza wengi: mama chatu anageuka karibu mweusi msimu huo, kusudi jua limpashe moto haraka, anatoka kuota jua, anarudi kuyapa mayai joto lile, na watoto wakishatoka anabaki nao karibu wiki 2, wakilala usiku kati ya mikunjo yake. Zaidi ya miezi 6 hali kitu. Chatu anameza mbuzi, ni kweli, lakini anameza pia panya wakubwa wanaomaliza mihogo na mahindi. Tundu lenye chatu aliyejikunja lisifunguliwe kwa fimbo.

Kifutu, yule mnene mfupi ambaye wengine wanamuita mpiri, hatagi kabisa. Mayai yanakaa tumboni mwake mpaka watoto wakamilike, na anazaa watoto hai, mara nyingi 20 hadi 40. Kifutu mmoja aliyetoka Afrika ya Mashariki, aliyefugwa katika bustani ya wanyama huko Cheki, alizaa 156 kwa mara moja. Hawalindi, lakini hawahitaji ulinzi: siku hiyo hiyo wana meno na sumu. Basi mkiua kifutu mkubwa karibu na nyumba, msiseme kazi imekwisha. Vitoto vinajificha chini ya majani ya maharagwe yaliyovunwa, chini ya magunia, kwenye mabua ya mahindi yaliyolundikwa. Wakati wa kubeba mabua, tumieni reki ao fimbo kwanza, na mvae bote. Aliyeumwa asikatwe na wembe, asifungwe kamba kwa nguvu. Alazwe, mguu usitembee, apelekwe kwenye kituo cha afya bila kupitia kwingine.

Kinyonga watu wanamuogopa bure. Hana sumu. Wale wa bondeni wanashuka kwenye udongo, jike anachimba shimo siku nzima, anaweka mayai 30 ao 40 na kulifunika vizuri. Yanaweza kukaa humo karibu mwaka. Lakini kule milimani Kivu, kwenye baridi, kuko kinyonga mdogo anayezaa watoto hai. Sababu inaeleweka: udongo wa baridi haupashi mayai moto, kwa hiyo mama anayabeba tumboni na kwenda nayo juani.

Sasa mashamba ya mpunga. Maji yakiingia mara ya kwanza na usiku ule ule makelele ya vyura yanaanza, ujue mayai yanawekwa. Chura mkubwa wa mabaka, yule mwenye vinundu mgongoni, anaweka nyuzi ndefu za ute zenye punje nyeusi, maelfu kwa maelfu, zikijiviringisha kwenye majani. Wengine wanaacha matonge. Vyura vidogo vya matete vina ufundi wao: kuko aina inayokunja jani juu ya mayai na kuligandisha kwa ute sawa mtu anayefunga barua, watoto wakiwa tayari, jani linafunguka na wanaanguka majini. Kule msituni na upande wa Katanga, kuko chura wa mtini anayepiga povu kwa miguu ya nyuma, povu jeupe linaning'inia juu ya kidimbwi, nje linakauka na ndani linabaki na maji. Watu wakiliona wanafikiri ni mate ya mnyama ao uchawi. Ni nyumba ya watoto tu.

Malezi nyuma ya hapo, kwa vyura wengi, hakuna. Mama anategemea wingi. Kati ya maelfu wanabaki wachache. Huko kusini mwa Afrika chura dume mmoja mkubwa sana analinda viluwiluwi vyake, na kidimbwi kikianza kukauka anachimba mfereji kwa miguu paka kwenye maji mengi zaidi wapite. Njiani anakula baadhi yao, lakini wengi wanapona. Vyura vya mashamba yetu havina baba wa namna hiyo. Mwenye kushika mfereji ni wewe mkulima.

Viluwiluwi vya mashambani vinahitaji kama wiki 4 hadi 8 kuota miguu na kutoka majini, kufuatana na aina na joto. Nyuma ya hapo, kila chura anakula wadudu usiku kucha bila kuchagua sana: nzige wadogo, mende, nondo wanaozaa funza wa mashina. Usimtegemee amalize ugonjwa wote wa shamba, hawezi. Lakini shamba lisilo na vyura linanunua dawa zaidi, na hesabu hiyo inaonekana kwenye daftari ya koperative.

Kwa hiyo mambo haya matatu yazungumzwe kwenye mkutano wa watumia maji. Wakati wa kumwaga maji ya shamba, acheni upande wa chini kidimbwi ao mtaro wenye kina cha goti. Viluwiluwi vitafuata maji na kukusanyika huko, tena mtaro huo unasaidia maji kutoka vizuri. Dawa ya wadudu isipulizwe wiki za kwanza nyuma ya maji kuingia, isipokuwa agronomu ameangalia shamba na kuona kweli ugonjwa umezidi. Na pompi isioshwe kwenye mfereji, hata siku moja! Yai lisilo na ganda linakunywa yote, na chini ya mfereji ule ule kuko mtu anachota maji ya kupika.

Kuko pia kiumbe ambacho wengi wanakikata kwa jembe wakidhani ni nyoka ao nyungunyungu mkubwa: hana miguu, ngozi inateleza, ana alama za pete mwilini, anaishi ndani ya udongo laini. Ni ndugu wa vyura. Huko Taita, Kenya, wakulima wanawachimbua mashambani, na mwaka 2006 wachunguzi walitangaza namna mama anavyolea: anajikunja juu ya mayai ndani ya udongo, na watoto wakitoka anawalisha ngozi yake mwenyewe. Ngozi ya juu inanenepa kwa mafuta, watoto wanaibandua kwa meno madogo, inaota tena, wanaibandua tena. Hana sumu ya kumdhuru mkulima. Mrudishe kwenye udongo.

Wenye etangi za samaki wanauliza kama vyura wote waachwe humo. Hapana. Chura wa maji, yule bapa, anayeteleza sana, mwenye kucha nyeusi miguu ya nyuma na asiyetoka majini karibu maisha yake yote, anakula vitoto vya tilapia. Hamtoi kwa dawa. Mbele ya kuweka samaki wadogo, kausheni etangi mpaka tope lipasuke, na mlango wa maji uwekwe chujio la nyavu ndogo. Usiku wa mvua kubwa anaweza kutembea kwenye majani mabichi kutoka etangi moja mpaka nyingine, kwa hiyo majani ya kwenye kuta yakatwe mafupi, na asubuhi nyuma ya mvua zungukeni mkaangalie.